Mche Hulelewa Kivulini, Mkarafuu Huzaa Juani



Katika toleo hili twapenda kusema habari za jua na kivuli. Huenda mmoja wenu akacheka na kuuliza, "Nani asiyelijua jua?" Lakini twawaomba msome mpaka mwisho, maana swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: kwa nini mche uliotoka kitaluni mzuri, majani yake yanang'aa, ukapandwa Masika na kushika vema, huja ukafa Januari au Februari? Mwenye shamba husema ni bahati mbaya. Jirani husema ni mbegu. Mara nyingi si bahati wala si mbegu. Ni jua lililoujia mche ghafula, na mche haukuwa umefunzwa kulikabili.

Hasara ya mche mmoja si ndogo kama ionekanavyo. Mkarafuu huanza kutoa maua baada ya miaka 6 hadi 8, na hufikia nguvu zake baada ya miaka kama 20. Ukitunzwa, waweza kuishi miaka 100 na kuwalisha wajukuu wa aliyeupanda. Basi mche unaokufa mwaka wa pili haukuondoa shimo na samadi tu; umeondoa miaka miwili ambayo hairudi, na kwa mtu mzima miaka miwili ni kitu. Tukumbuke dhoruba ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikisalimika. Waliopanda tena baada ya pale walianza na mche mdogo kama huu wetu, na kila mti mkubwa tuuonao leo ulipita salama Kaskazi yake ya kwanza kwa sababu ulipata ulinzi, wa mtu au wa Mungu.

MKARAFUU WAPENDA JUA AU KIVULI?

Watu wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema mkarafuu ni mti wa kivuli, kwa kuwa mche wake huungua ukiachwa wazi. Wa pili husema ni mti wa jua, kwa kuwa mti mkubwa uliofunikwa na miembe hauzai. Makundi yote mawili yamesema kweli, ila kila moja limetazama umri mmoja tu.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia, hasa visiwa vidogo vya milima ya volkano kama Ternate na Tidore. Nchi ile ina mvua na misitu. Mbegu huanguka chini ya miti mikubwa na kuota kivulini, penye unyevu na hewa iliyotulia. Mche hukua polepole ukinyosha kichwa kuutafuta mwanga, na unapofika juu huchanua. Maua ya mkarafuu hutokea kwenye ncha za vitawi, na ncha zinazopata jua ndizo zinazozaa vema. Tazama mti wowote ulioinamiwa na mwembe: upande wa wazi una vichala, upande wa kivuli una majani tu.

Jamaa zake wa karibu twawajua. Mzambarau ni wa ukoo huo huo, na mpera ni wa kabila moja nao. Lakini mpera huota hata penye jua kali kando ya njia, na mkarafuu hauwezi. Kwa hiyo tusiufanyie mtoto wa mkarafuu kama tumfanyiavyo mtoto wa mpera.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mkarafuu umeigeuza methali hiyo: kwanza hula kivulini, kisha hufanya kazi juani. Kazi yetu wakulima ni kuuvusha kutoka kule hadi huku, usivukwe na haraka wala usisahauliwe njiani.

JANI LA KIVULINI NA JANI LA JUANI

Sasa tueleze sababu, maana mtu akijua sababu hahitaji kusimamiwa.

Jani hutengeneza chakula cha mti kwa mwanga, maji na hewa. Jani lililokua kivulini hujijenga kwa mwanga mdogo: huwa pana, jembamba na la kijani kilichokoza, ili likamate kila mwale unaopenya. Jani lililokua juani huwa nene zaidi, mara nyingi dogo kidogo, na lina namna za kujikinga na mwanga unaozidi. Ukichukua jani la kivulini ukalitia juani ghafula, hupata mwanga mwingi kuliko uwezo wake wa kuutumia. Ziada ile hugeuka madhara. Kwanza jani hupauka, kisha hupata mabaka ya manjano au meupe, kisha hubabuka na kuwa na rangi ya kahawia.

La pili ni joto. Jani hujipoza kwa kutoa maji, kama sisi tunavyopozwa na jasho. Mche uliohamishwa juzi umepoteza mizizi, nao hauwezi kuvuta maji ya kutosha. Basi hufunga vitundu vya majani yake ili maji yasipotee. Lakini akifunga mlango mwenye nyumba, na upepo wa kumpoza haungii. Jani huwa la moto kuliko hewa iliyolizunguka. Ndiyo maana jua moja humwua mche wenye kiu na kumwacha jirani yake mwenye maji.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, na twataka kila mwanachama alishike: jani lililokwisha kukomaa haliwezi kujibadilisha sana. Jani la kivulini halitageuka kuwa jani la juani kwa kungojewa. Mche huzoea jua kwa kutoa majani mapya yaliyokua katika mwanga mpya. Sote twayajua majani machanga ya mkarafuu, yale mekundu-mekundu yanayotoka kwa mkupuo mmoja. Yakitoka na kukomaa katika mwanga uliozidi kidogo, mche umepanda daraja moja. Kwa hiyo tusipunguze kivuli kwa kuhesabu siku peke yake. Tukipunguze kwa kuhesabu mikupuo ya majani. Fungua kidogo, ngoja majani mapya yatoke na kukomaa, kisha fungua tena.

MWALONI WA ULAYA WAFUNDISHA JAMBO HILO HILO

Jambo hili si la mkarafuu peke yake. Uko mti wa Ulaya uitwao mwaloni, ambao wengine wetu wamelisoma jina lake vitabuni. Ni mti mgumu, uishio mamia ya miaka, na zamani mbao zake zilijengewa merikebu. Mbegu yake ni kubwa, ina akiba ya chakula ndani yake, na kwa akiba hiyo mche wake huweza kuota na kudumu miaka michache chini ya miti mikubwa. Baada ya hapo ukikosa mwanga hudhoofika na kufa. Ni kama mkarafuu: utoto wake wastahimili kivuli, ukubwa wake wadai jua.

Ufaransa walilishughulikia jambo hili kwa makini. Mwaka 1669, wakati Colbert alipokuwa waziri wa mfalme Louis wa 14, ilitolewa sheria kuu ya misitu, kwa kuwa serikali ilihofu kukosa mbao za merikebu za vita. Baadaye, mwaka 1824, kilifunguliwa chuo cha misitu katika mji wa Nancy, na mafundisho yake yakaeneza namna ya kufungua msitu hatua kwa hatua. Kwanza hukata baadhi ya miti mikubwa, mwanga ukaingia kiasi na mbegu zikaanguka na kuota. Miche ikishasimama, hukata mingine, si yote, mara moja au zaidi kwa muda wa miaka. Mwisho huondoa miti ya mwisho ya kivuli, na msitu mchanga ukasimama peke yake juani.

Na katika milima ya Sierra Nevada, kusini mwa Hispania, ambako kiangazi ni kikavu na jua ni kali, watafiti walipanda miche ya miti, mialoni ikiwamo, chini ya vichaka na mingine mahali pa wazi. Iliyokingwa na vichaka ilisalimika zaidi.

Jua lao si kama letu, wala udongo wao si wetu. Lakini waliokuwa na mti mgumu kama mwaloni waliona lazima wauvushe kwa hatua. Sisi wenye mkarafuu laini tutauvushaje kwa siku moja?

KITALUNI

Mbegu ya mkarafuu haiwekwi akiba. Ikimenywa na kukauka hupoteza uhai kwa siku chache. Chagua matunda yaliyoiva yenyewe kutoka miti yenye afya na uzazi mzuri, yaloweke, yamenye, uzipande upesi bila kuzizika sana. Huanza kuota baada ya wiki 2 hivi, na nyingine huchelewa mpaka wiki 5 au 6.

Kibanda cha kitalu kiwe na kimo cha mtu kuingia na kufanya kazi, na kiezekwe makuti yaliyopangwa kwa nafasi. Kipimo kizuri cha mwanzo ni nusu jua na nusu kivuli. Atakaye kujua kama kibanda chake kimefikia kipimo hicho na atandike kitambaa cheupe chini ya kibanda saa 6 mchana, siku isiyo na mawingu. Madoa ya mwanga yakienea karibu nusu ya kitambaa, kivuli ni cha kadiri. Kitambaa kikiwa cheusi chote, miche itarefuka kama mtu anayechungulia dirishani. Tukumbuke pia kwamba makuti hunyauka na kuanguka. Kibanda kilichokuwa sawa Juni huenda kina matundu makubwa Desemba.

Mche hukaa kitaluni mwaka mmoja hadi miwili, na miezi ya mwisho ndiyo miezi ya kuukomaza. Hapa pana mtego. Tukitaka kupanda mwanzoni mwa Masika, miezi 2 au 3 ya kabla yake ni Januari, Februari na Machi, yaani kipindi cha jua kali kuliko vyote. Mtu akivua makuti yote Februari ili "kuukomaza" mche, ameukaanga. Twashauri kazi hii ianze Novemba, wakati wa Vuli, mawingu na manyunyu yakisaidia. Ondoa kuti moja katika kila manne. Yakitoka majani mapya na kukomaa, ondoa jingine. Mwagilia bila kukosa. Ikifika Machi mche uwe umezoea jua la asubuhi yote na sehemu ya jua la mchana.

SIKU YA KUHAMISHA

Wengi wetu hatuoteshi wenyewe. Twapokea miche kutoka vitalu vya serikali au vya watu. Basi kabla ya kuipakia, uliza swali moja: miche hii ilikaa juani muda gani? Usiporidhika na jibu, tazama majani. Majani mapana, membamba, ya kijani cha giza, na shina jembamba lisiloweza kusimama bila kuegemea, ni dalili ya mche uliotoka kivulini jana. Usiukatae kama hakuna mwingine, lakini ujue umepokea mtoto mchanga.

Njiani miche isipangwe juu ya gari lililo wazi bila kifuniko. Upepo wa gari na jua kwa saa moja hukausha mche kuliko siku nzima ya shamba. Ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, na safari iwe asubuhi mapema au jioni.

Ikifika nyumbani, desturi ni kuiweka chini ya mwembe kungoja mvua. Siku mbili tatu si neno. Lakini ikikaa wiki 5 chini ya mwembe wenye giza, hutoa majani mapya ya kivulini, na kazi yote ya kuikomaza imepotea. Iweke pembeni mwa mwembe, mahali jua la asubuhi linapofika.

SHAMBANI: KIVULI KWANZA, MCHE BAADAYE

Wengi hupanda mche kisha wakatafuta kivuli. Mpango ulio bora ni kinyume chake. Atakayepanda mikarafuu Masika, na apande mbaazi, muhogo au migomba katika Vuli iliyotangulia. Mvua kubwa ikifika, mlezi amekwisha kusimama, na mtoto huletwa penye mikono iliyo tayari.

Kivuli kiwe upande gani? Tulitazame jua letu. Visiwa vyetu viko karibu digrii 5 hadi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini hasa. Kati ya miezi hiyo, yaani Kaskazi yote, jua la adhuhuri husimama kusini kidogo ya utosi, wala halitelemki sana. Maana yake ni kwamba ukuta wa makuti upande mmoja hausaidii saa 6 mchana. Mche wataka kitu juu yake. Kisha kuanzia saa 8 hadi saa 10 jua huja toka magharibi, wakati ardhi na hewa vimekwisha kupata moto na mche umekwisha kuishiwa maji. Jua hilo ndilo linalobabua zaidi. Jua la asubuhi ni rafiki: mche una maji ya usiku, na hewa ina ubaridi.

Basi kanuni ni hii: mashariki wazi, magharibi pazibwe, na juu pawe na paa jepesi. Kwa mche mmoja yatosha miti 3 na makuti 2 yaliyoegemezwa kutoka magharibi na kuinamia juu ya mche, yakiacha upande wa mashariki wazi na hewa ikipita. Kazi hiyo haichukui robo saa, na makuti hatuyanunui mbali.

KIVULI KINYWACHO NA KIVULI KISICHOKUNYWA

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kivuli cha kuti hakinywi maji. Kivuli cha mgomba hunywa, tena hunywa sana. Wakati wa Masika maji ni ya wote na hakuna ugomvi. Januari, mgomba ulio karibu na mche humpa mche kivuli kwa mkono mmoja na kumnyang'anya maji kwa mkono wa pili. Kwa hiyo mgomba usiwe karibu na mche kupita hatua 2 au 3, na machipukizi yake yapunguzwe kabla ya Kaskazi. Majani ya mgomba yaliyokatwa tuyalaze chini kuzunguka mche.

Muhogo ni mlezi mzuri kwa mwaka mmoja, lakini siku ya kuung'oa ni siku ya hatari. Mizizi mingi ya mkarafuu hukaa karibu na uso wa ardhi, na jembe linalofukua muhogo jirani huikata. Juu ya hayo kivuli huondoka siku hiyo hiyo: mche umekatwa mizizi na kuvuliwa nguo kwa pamoja. Muhogo ulio karibu na mche ung'olewe wakati wa mvua, shina moja moja, na usipandwe chini ya hatua 2 kutoka kwenye mche.

Na wanaopanda miche katika mapengo ya mikarafuu mikuukuu wasidhani kwamba kivuli cha mti mkubwa ni cha bure. Mti mkubwa nao una mizizi mipana na kiu kubwa. Panda katikati ya pengo ambapo mbingu yaonekana, ujengee mche kuti lake, wala usiupande chini ya matawi.

Ardhi nayo yataka kivuli. Majani makavu, makumbi au nyasi zilizolazwa kuzunguka mche huzuia udongo usipate moto na maji yasipotee. Lakini yaache wazi kiasi cha shubiri moja kutoka shina, ukakague mara kwa mara, maana mchwa hupenda kujificha humo.

Kuhusu maji, tumwagilie jioni au alfajiri. Wengine husema tone la maji juu ya jani hulichoma kama kioo. Uchunguzi wa wanasayansi wa Hungaria uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwenye majani laini yasiyo na vinyweleo matone hayachomi, na jani la mkarafuu ni laini. Sababu ya kutomwagilia mchana ni nyingine: maji mengi huenda na joto kabla mizizi haijayapata. Basi ukimkuta mche amenyauka saa 8 mchana, mnyweshe tu; usimwache afe kwa kuogopa tone.

KUKIONDOA KIVULI

Hapa ndipo wanapokosea hata walio hodari. Wamelinda mche vizuri, ukaishi, kisha wakausahau. Mwaka wa 4 twakuta mkarafuu mwembamba katikati ya migomba, umeinama upande mmoja, matawi machache.

Twajua sababu yake, nayo si uvivu. Mgomba unatoa ndizi leo, na mkarafuu utatoa karafuu baada ya miaka. Mtu mwenye watoto wa kulisha haoni vyepesi kukata kile kinachompa chakula kwa ajili ya kile kinachomwahidi. Kivuli chenye faida jikoni ndicho kigumu kukiondoa. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa hilo, bali twamshauri apange tangu mwanzo. Migomba iliyo karibu na miche ihesabiwe kuwa ya miaka mitatu tu, na mipya ipandwe mapema mahali pengine, kando ya shamba au bondeni, ili siku ya kukata ile ya kwanza chungu kisikose kitu.

Mwendo tunaoupendekeza ni huu. Mwaka wa kwanza ulinzi wote ubaki. Masika ya pili fungua upande wa mashariki na kaskazini kabisa, na punguza paa nusu. Kaskazi ya pili acha pazia la magharibi. Masika ya tatu ondoa paa lililobaki na ukate mlezi mmoja katika kila wawili. Masika ya nne ondoa walezi waliobaki. Kila hatua ifanywe mvua zikiwa zimeanza, wakati wa mawingu, wala isifanywe Kaskazi hata kama kazi nyingine zimekwisha na mikono iko wazi. Na mche uliochelewa kukua uongezewe mwaka. Watoto wote hawatembei siku moja.

KUZISOMA DALILI

Mche hausemi, lakini huonyesha. Mabaka meupe au ya kahawia juu ya jani, upande unaotazama jua, na majani ya chini yaliyofunikwa yakiwa salama: hilo ni jua lililozidi. Rudisha kuti upande wa magharibi, wala usiyakate majani yaliyobabuka mpaka mapya yatoke, kwa sababu hata jani lililojeruhiwa bado huyapa kivuli yaliyo chini yake.

Majani yote yameinama, kingo zimekauka, na udongo ni mkavu ukichimba kwa kidole: hiyo ni kiu. Kuti peke yake halitaponya. Lete maji na majani ya kulaza chini.

Shina refu jembamba, nafasi kubwa kati ya jani na jani, mche umeinamia upande mmoja: hiyo ni njaa ya mwanga. Fungua, lakini kwa hatua.

Mche umenyauka ghafula ingawa una kivuli na maji, na ukiushika watikisika au wang'oka: tazama mizizi, huenda ni mchwa. Usilisingizie jua.

KALENDA FUPI

Oktoba na Novemba: panda mimea ya kivuli kwa ajili ya Masika ijayo; anza kukomaza miche kitaluni.

Desemba: kagua makuti ya miche ya mwaka huu, badilisha yaliyooza, laza majani chini, punguza machipukizi ya migomba.

Januari na Februari: mwagilia miche ya mwaka wa kwanza, usiondoe kivuli chochote.

Machi hadi Mei: panda miche mvua zikishika, fungua kivuli cha miche ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne kwa hatua tulizozitaja.

Juni hadi Septemba: palilia, jaza mapengo ya makuti yaliyoangushwa na Kusi, hesabu miche iliyo hai na uandike.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jani lililokomaa kivulini haliwezi kuzoea jua kali?

2. Kwa nini tunafungua kwanza upande wa mashariki?

3. Kivuli cha kuti na kivuli cha mgomba vinatofautianaje wakati wa Kaskazi?

4. Mche wako una mabaka ya kahawia juu ya majani, na udongo una unyevu. Utafanya nini?

5. Umepokea miche 50 mwezi wa Machi kutoka kitalu chenye kivuli kizito. Utaifanyia nini kabla na baada ya kuipanda?

Twawaomba wanachama wa kila tawi wayasome maswali haya pamoja na wale wasiosoma, na hasa pamoja na akina mama na vijana, maana wao ndio mara nyingi wabebao maji hadi shambani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mwenye miche ya mwaka wa kwanza na aikague kabla Desemba haijaisha, kuti moja kwa kila mche, upande wa magharibi.